Mashine Isiyouliza Mara Mbili

Mke wangu aliandika maneno yake kwa kidole kimoja, miezi minne, katika gereji yetu hapa Merrylands, na akanikataza kuyasoma mpaka siku ya kuondoa matanga yake. Nilitii. Kwa mwaka mzima maneno yale yalikaa ndani ya disketi, disketi ikakaa ndani ya kopo la biskuti, nami nilipita karibu nalo kila siku kama mtu anavyopita mbele ya mlango wa mgonjwa aliyepata usingizi. Yaliyotokea baadaye niliyafanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Nataka hilo lijulikane toka mwanzo.

Naitwa Venant Balagizi, nina miaka sabini na minne. Bukavu nilikuwa mpima majani ya chai kiwandani. Shule ya mchana sikuimaliza. Niliimaliza kwa masomo ya jioni ya parokia, tukiwa watu wazima kumi na tisa kwenye madawati ya watoto, magoti yetu yakigonga mbao. Hapa Sydney nilifagia shule moja ya sekondari miaka kumi na minne, na baada ya kazi nikaenda kusoma tena: Kiingereza, halafu hesabu, halafu kompyuta. Sikukosa kipindi hata kimoja. Walimu wengine walikosa.

Siku moja shule ile ilikuwa inatupa vitu vya stoo, nikaomba kimoja. Ilikuwa Amiga, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1990 au karibu na hapo, ambayo kibodi na mashine yenyewe ni kitu kimoja, na ubavuni ina mdomo wa kulishwa disketi. Ilikuja na kitabu chake kinene. Nilikisoma na kamusi kando, mwaka na nusu. Binti yangu Déborah aliniuliza kwa nini najitesa na chuma cha kale ilhali nina simu. Nilimwambia simu najua kuitumia, lakini mashine hii naielewa, na hayo ni mambo mawili.

Katika mashine hii mtu huandika orodha ya amri, na mashine huzifuata mstari kwa mstari toka juu hadi chini. Orodha hiyo huitwa skripti. Na skripti inaweza kusimama katikati, ikamuuliza mtu swali, ikangoja kimya mpaka ajibu, kisha ikafuata njia hii au ile kulingana na jibu lake. Hapo ndipo nilipoipenda. Sisi tuliopitia kambi za wakimbizi tumeulizwa maswali miaka na miaka. Niliulizwa mama yangu alizaliwa lini mara tisa, na watu watano. Mke wangu alipoulizwa amezika watoto wangapi alijibu wawili, na karani akainua uso akamwambia, "Una hakika?"

Nilikuwa nimekaa kando yake. Sikusema neno. Ila nilipokuwa mimi mwenye kutunga maswali, niliapa kwamba mashine yangu haitamuuliza mtu mzima jambo moja mara mbili.

*

Mke wangu figo zilipomshinda, alikwenda hospitali kusafishwa damu siku tatu kwa wiki. Siku nyingine alikaa dirishani akihesabu magari. Shule hakwenda hata siku moja. Herufi nilimfundisha mimi, kambini, kwa kijiti na vumbi. Basi nilimtengenezea skripti. Ilimuuliza kwanza jina lake. Halafu ilimuuliza: unaanza kuandika, au unaendelea? Moja ni kuanza, mbili ni kuendelea. Akijibu moja, mashine ilimfungulia faili mpya yenye jina lake. Akijibu mbili, ilichukua maneno ya leo ikayaweka chini ya yale ya jana.

Katika lugha ya mashine, tofauti ya mambo hayo mawili ni mshale. Mshale mmoja maana yake: andika hapa, na kilichokuwapo kisiwepo. Mishale miwili maana yake: andika chini ya kilichopo. Ni alama moja tu imeongezwa. Nilimwonyesha mke wangu nikidhani atavutiwa.

"Kila siku inaniuliza jina," alisema. "Imenisahau?"

"Haikumbuki mtu mpaka ajitaje."

"Basi ni kama mume wa mtu."

Akabonyeza herufi zake moja moja, akitafuta kila moja kama anachagua mchele. Kasoki. Kisha akabaki analiangalia jina lake kwenye kioo cha mashine.

"Baba Déborah."

"Naam."

"Toka nizae, hakuna mtu aliyeniita hili jina. Hata wewe. Ni Mama Déborah, Mama Déborah, mpaka kwa daktari. Hii mashine peke yake ndiyo inanijua."

"Daktari anakuita Misesi Balagizi."

"Huyo ni wewe," alisema. "Sasa toka nje. Siwezi kuandika mtu akinipumulia shingoni."

Nikatoka. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwenye njia ya gari, nikisikia kibodi ikigonga: tak, kimya kirefu, tak. Ikawa desturi yetu. Alipomaliza aliniita kuzima, na kila Jumamosi jioni nilinakili disketi nzima kwenye disketi ya pili, kama kitabu kinavyoshauri, ili moja ikiharibika nyingine ibaki.

"Usisome," alisema mara nyingi. "Siku ya kuondoa matanga utasoma mbele ya watu wote. Nataka mnisikie nikiwa sipo kukatizwa."

Mbuvi alikuja kuiona skripti wakati ule. Ni Mkamba wa Machakos, anafanya kazi katika ofisi ya kompyuta ya hospitali, na tunasali naye Parramatta. Anapenda mashine za zamani kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Alisoma mistari yangu yote, akanisifu. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Mzee, hapa pana shimo."

"Shimo gani?"

"Mtu akisema anaanza, na faili yenye jina hilo iko tayari, unaifuta bila hata kusema pole. Weka mstari mmoja tu hapa. Mashine iangalie kwanza: faili iko? Kama iko, isimame, imuulize kama ana hakika."

"Mtu mzima hajui kama anaanza au anaendelea?"

"Anajua. Lakini atakosea. Watu hukosea, Mzee, ndio maana mimi nina kazi."

"Wewe ukibisha hodi kwangu ukasema ni Mbuvi, nikuulize kama una hakika?"

Alicheka. "Mlango wako si una kufuli? Na sijawahi kukasirika."

"Kufuli ni ya wezi. Wanaokaa hapa ni wageni wangu."

Akanywa chai yake. Baadaye alisema basi anipe angalau nafasi ya kuhamishia maneno ya Mama Déborah kwenye kompyuta yake ya kisasa, yawe salama. Nilikataa. Maneno yaliyokatazwa kwa mume hayawezi kwenda kukaa nyumbani kwa jirani. Nilimwambia ninazo disketi mbili na ninanakili kila wiki bila kukosa. Alikubali kwamba hiyo ni nidhamu nzuri.

*

Mke wangu alifariki mwezi wa tisa, mwaka jana. Kwenye maziko nilisema mbele ya kanisa zima kwamba Mama Déborah ameacha maandishi yake mwenyewe, na kwamba mwaka ukitimia tutayasikia. Wanawake wa kanisa walishika hilo. Baada ya Krismasi wakaanza kuniuliza kama mashine inaweza kuwasikiliza na wao. Sikuweza kukataa, na sitaki kudanganya, sikutaka kukataa. Nilifagia gereji, nikaweka kiti chenye mto, nikatundika pazia. Kila Jumamosi alikuja mmoja. Skripti ilikuwa ile ile. Nilikuwa na disketi nzuri chache sana, basi wote waliandika kwenye disketi ile ile ya mke wangu, kila mtu kwenye faili yenye jina lake. Niliwapa sharti moja: andika jina moja tu, lisiwe na nafasi katikati, maana mashine ikikuta nafasi inadhani jina limekwisha.

Mwezi wa tatu alikuja Mama Rodrigue. Alikuwa amehamia Rooty Hill kutoka Adelaide muda mfupi tu, yeye na mwanawe, na hakuwajua watu wetu wengi. Alikuwa anafunga mizigo katika ghala. Mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, asiyesema sana. Kanisani alikaa karibu na mlango.

Alisimama mbele ya mashine bila kuketi.

"Nani atasoma?" aliuliza.

"Hakuna. Mpaka wewe mwenyewe useme."

"Hata pasteri?"

"Hata pasteri."

"Hata wewe, Baba?"

"Hata mimi. Mke wangu yumo humo mwaka huu na sijamsoma."

Hapo aliketi. Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikatoka kukaa kwenye ndoo yangu. Sikuona alichoandika kwa jina. Kwangu mimi ilikuwa adabu kutoona. Nilisikia kibodi ikienda mfululizo, saa tatu karibu, bila kimya hata kidogo, kama mtu anayetapika. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu lakini mabega yameshuka.

"Imeshika?"

"Imeshika," nilisema.

Jioni ile nilinakili disketi kwenye disketi ya pili, kama kila Jumamosi.

Sasa niseme jambo ambalo nililijua. Mke wangu alikuwa Mnande wa Butembo, na kwao msichana hupewa jina kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Wa kwanza ana lake, anayefuata ana lake, hivyo hivyo, katika kila nyumba. Siku ya harusi yetu niliwatania shemeji zangu kwamba kwao ukiita jina moja sokoni wanageuka wanawake hamsini. Mimi Mshi wa Bukavu niliona ni mzaha mzuri. Nilijua pia kwamba Mama Rodrigue anatoka upande ule ule. Alivyosema Kiswahili tu ilitosha. Lakini kwangu alikuwa Mama Rodrigue, na mke wangu alikuwa Mama Déborah, na hayo si majina yanayogongana. Mashine ilipomuuliza jina lake, naye, kama mke wangu, alilitoa lile ambalo hakuna aliyekuwa akimwita tena. Aliulizwa kama anaanza. Alikuwa anaanza. Alijibu kweli.

Hakukosea mahali popote. Hilo ndilo Mbuvi hakuliona, na mimi sikuliona.

*

Matanga tuliyaondoa Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Déborah alifika toka asubuhi na binti yake Ange, wakahamisha viti. Wanawake walipika sombe ya majani ya mihogo na bugali na samaki. Mama Rodrigue alikuwa kati yao, mikono ndani ya sufuria. Mwanawe Rodrigue, kijana wa miaka thelathini, alimleta mama yake kwa gari na akakaa na wanaume karibu na mlango. Mbuvi alikuja na mkewe Njeri. Pasteri aliomba. Watu kama arobaini, na wengine wamesimama kwenye korido.

Nilivaa suti. Mashine niliileta sebuleni, nikaiweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Herufi zake ni ndogo, kwa hiyo nilikuwa nisome kwa sauti. Kabla ya kusoma nilitoa maneno machache. Nilisema huyu mama hakuwahi kukaa darasani, na kwamba haya ni mavuno ya kijiti na vumbi. Nilisema mengi kuliko nilivyokusudia.

Nikaomba faili ya Kasoki. Ikaja.

"Naitwa Kasoki," nilisoma. "Nilizaliwa upande wa Lubero, mahali pa baridi. Mama yetu alilima viazi."

Watu wakasema mmm, kwa pamoja. Mke wangu alizoea kusema Butembo, lakini Lubero si mbali, na mtu hutaja kwao kwa jina kubwa au dogo kutegemea anamwambia nani. Niliendelea. Kulikuwa na babu aliyembeba mgongoni kwenda misa. Kulikuwa na kuku mwenye mguu mmoja, na watu wakacheka, na Déborah akacheka akijifuta macho. Aliandika vizuri. Sentensi zilikuwa ndefu na zimenyooka. Nilijiambia moyoni kwamba nilikuwa mwalimu bora kuliko nilivyodhani.

"Tulipokimbia," nilisoma, "nilikuwa na watoto wawili. Mdogo nilimfunga mgongoni. Mkubwa alikuwa msichana, miaka minne. Nilimwambia ashike kitenge changu asikiachie. Kulikuwa na watu wengi kwenye daraja. Nilipogeuka hakuwapo. Wengine walirudi kuwatafuta watoto wao. Mimi sikurudi."

Hapo nilijua. Mimi na mke wangu tulikimbia pamoja, mkono kwa mkono, na wawili tuliowazika tuliwazika kwa mikono yetu. Akili yangu ilijua, lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea kufuata mistari toka juu hadi chini.

"Babu, stop," alisema Ange, pembeni yangu. Alikuwa anasoma begani mwangu, na jicho lake lilikuwa limetangulia.

"Watu wananiita kwa jina la mwanangu wa pili," nilisoma, "na mimi naitika. Rodrigue hajui kwamba alikuwa na—"

Ndipo nikanyamaza. Nilikuwa nimechelewa kwa neno moja, na neno lililobaki kila mtu alikuwa amekwisha kulijaza.

Mama Rodrigue alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Déborah," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Hayo ni yangu."

Rodrigue aliinuka kule mlangoni na sahani yake.

"Maman?"

Aliuweka mwiko juu ya kabati, akautengeneza usidondoke, akapita katikati ya watu akitazama chini. Walimpisha. Rodrigue alibaki ameshika sahani, kisha akampa mtu asiyemjua, akamfuata. Tulisikia gari likiwaka. Lilikaa likinguruma muda mrefu kabla ya kuondoka.

*

Watu walipokwisha kutawanyika, Mbuvi alivuta kiti akaandika amri ya kuonyesha orodha ya majina. Kasoki lilikuwa moja. Tarehe yake ilikuwa ya mwezi wa tatu, wakati mke wangu alikuwa kaburini nusu mwaka. Nikatoa disketi ya pili kwenye kopo la biskuti. Kasoki moja, tarehe ile ile, saa ile ile. Nilikuwa nimenakili hasara yangu kwa uangalifu, na baada ya hapo nikaendelea kuinakili kila Jumamosi kwa miezi sita.

Mbuvi hakusema "nilikuambia." Nilingoja aseme. Angesema, ningepata mtu wa kumkasirikia.

Déborah alikuwa anakusanya vikombe.

"Papa, Mama aliandika nini?"

"Sijui."

"Miezi minne aliandika, mwaka mzima umekaa nayo. Hukusoma hata mstari?"

"Alinikataza."

Aliviweka vikombe chini. "Mama alikataza kila kitu, Papa. Alikukataza kumnunulia lile koti jekundu. Ukanunua. Alilivaa mpaka likachanika."

"Hili lilikuwa jambo lingine."

"Ulijuaje?"

Nimemaliza masomo ya jioni katika nchi mbili, na sikujifunza popote namna ya kujua ni katazo lipi la mke lililo la kutii.

Mbuvi alirudi Jumapili mchana na programu inayosoma disketi kipande kwa kipande, hata pale ambapo mashine inasema hapana kitu. Alinieleza kwamba faili ikifutwa maneno hayaondoki mara moja. Yanabaki mpaka mwingine aandike juu yake. Lakini wanawake walikuwa wameandika juu yake toka mwezi wa tatu, Jumamosi baada ya Jumamosi, maisha yao mazima. Alitafuta saa nne. Njeri alimpigia simu mara mbili. Tulipata kipande kimoja, na hiki ndicho, kama kilivyo:

"sabuni ya bluu iko chini ya sinki nyuma. Ange asipewe shanga zangu mpaka amalize shule. Nyanya usizitupe zikiwa na doa kata tu. Na Venant asizani kwamba ile siku ya"

Basi. Baada ya hapo ni maneno ya mama mwingine kuhusu shamba la Uvira.

Aliniita Venant. Katika miaka arobaini na sita hakuwahi kuniita Venant.

Nilinakili kipande hicho kwenye karatasi kwa mkono. Tulikuwa na siku nyingi. Kuna siku nilimwacha peke yake hospitali ya kambi nikaenda kwenye usaili. Kuna siku tuliyomzika wa pili, ambayo sikulia. Kuna siku za kawaida elfu kadhaa. Nimejaribu kuimalizia sentensi ile kwa kila moja, na kila moja inaingia.

"Kuna mtu Melbourne," Mbuvi alisema akikunja waya zake. "Ana mashine ya kusoma disketi kwa undani kuliko hii yangu, mpaka alama hafifu za maandishi ya zamani chini ya mapya. Anataka wiki tatu. Haahidi kitu, Mzee, na mimi siahidi. Lakini pengine atapata ukurasa."

"Atasoma na ya wengine?"

"Atasoma yote. Ndiyo kazi yenyewe."

Nikamwambia nitafikiri. Tayari nilikuwa nimetafuta bahasha.

*

Kabla ya kuipeleka posta nilikwenda Rooty Hill. Niliona siwezi kupeleka maneno ya Mama Rodrigue kwa mtu wa tatu bila kumwambia, na pia nilikuwa na deni la kwenda kusimama mbele yake. Nilivaa suti ile ile. Nilipanda treni, disketi zote mbili mfukoni, upande wa moyo, na njia nzima nilipanga namna ya kumwomba. Nilikuwa na hotuba nzuri. Ningemweleza kwamba mtu wa Melbourne hajui Kiswahili.

Alifungua mlango yeye mwenyewe, akasimama katikati yake. Nyuma yake sebule ilikuwa na kiti kimoja na runinga inayoonyesha picha bila sauti.

"Rodrigue yuko?"

"Amekwenda kulala kwa rafiki. Ni wiki ya pili sasa."

"Mama Rodrigue, nimekuja—"

"Usiniite hivyo."

Sikujua nimwite nani. Jina lake nililijua, lakini nilikuwa nimelisoma mahali ambapo sikuruhusiwa.

"Uliniambia hakuna atakayesoma," alisema.

"Nilisema."

"Niliuliza mara tatu. Nilikuuliza wewe mwenyewe. Ukasema hata mimi."

"Nilisema hivyo."

"Iko wapi?"

Nilitoa disketi zote mbili, nikamwonyesha juu ya kiganja. Nilitaka kumwambia kwamba humo mna maneno ya wanawake wengine pia, na kwamba chini ya maneno yake yamelala ya mke wangu, yote niliyobaki nayo. Hotuba yangu ilikuwapo, imepangwa vizuri, mwanzo, kati na mwisho. Aliziangalia zile disketi kama mtu anavyoangalia nyoka aliyekwisha kupigwa lakini bado anatikisika.

"Hii tu? Hakuna pengine?"

"Hakuna pengine."

"Vunja."

Sikumuuliza kama ana hakika.

Disketi ya zamani haivunjiki kirahisi. Ya kwanza ilijikunja, ikarudi. Ilinibidi kuiweka kwenye ukingo wa ngazi yake na kuikanyaga kwa kisigino cha kiatu cha matanga, mara tatu, mpaka plastiki ikapasuka na kile kiduara chembamba cha rangi ya kahawia kikatoka. Nilikichana kwa mikono. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotazamia, kama ngozi ya kitunguu. Halafu ya pili. Mama alisimama akiangalia mpaka mwisho, kisha akaingia ndani, akarudi na ufagio na mfuko wa plastiki. Nikanyoosha mkono kuchukua ufagio, maana kufagia ndiyo kazi niliyoijua muda mrefu kuliko zote. Hakunipa.

Alifagia mwenyewe, akachungulia nyufa za ngazi, akaokota kipande kimoja kwa kucha. Akafunga mfuko mafundo mawili. Akaniambia treni ya kurudi hupita mara moja kwa saa, dakika tano baada ya saa kamili, nisipokwenda sasa nitaikosa, kisha akafunga mlango.